Haikuwa Malaria

Fairfield, Sydney
19 Agosti 2007

Kwako mwanangu Fiacre,

Pokea salamu za nyumba nzima, nianze na mwenye nyumba. Baba yako Niyonzima anakusalimu, mguu umepona, amerudi kiwandani Auburn wanakotengeneza magodoro. Dada yako Lyse anakusalimu. Ana miaka kumi na mitano, amenipita kimo, Kiswahili anakisikia chote lakini ukimsemesha anajibu Kiingereza, basi siku mkikutana usidhani ana dharau. Mdogo wako Kelly, ambaye ulisafiri akiwa bado tumboni, anakusalimu, amekuchora ukiwa na mabega kama kabati. Jirani yetu Zilpah anakusalimu, ni Mkenya, ni nesi pale Westmead, ndiye anayetupeleka kanisani na gari lake. Wanakwaya wanakusalimu. Na mimi mama yako ni mzima, ni vidole tu vinachubuka kwa zile dawa za kusafishia.

Barua yako imefika pamoja na ile sidi ya mechi ya huo mpira wenu wa Kimarekani. Tumeiangalia Jumapili baada ya misa. Mwanangu, sikukuona. Wote mmevaa kofia ngumu, wote wakubwa, wote mmeinama mkono mmoja chini kama watu wanaotafuta sindano. Lyse akanionyesha namba tisini na tatu. Bado sikuamini mpaka ulipovua kofia kunywa maji, nikaona masikio ya babu yako. Nikalia, Kelly akanicheka.

Lyse ameniambia kazi yako ni kumpita yule jitu aliyesimama mbele yako, ukamwangushe anayerusha mpira. Na ukishindwa unarudi kuinama tena, na ukiweza pia unarudi kuinama tena. Nikaanza kuhesabu, Mungu anisamehe. Nilipofika arobaini nikaacha. Mara arobaini kichwa chako kimegongana na kichwa cha mtu, na mechi ilikuwa haijafika nusu.

Sasa kuna jambo limenikaa rohoni. Kwenye barua yako umeniuliza baba anafanya kazi wapi. Umeuliza mwanzoni. Umeuliza tena katikati. Na chini ya jina lako umeongeza kwamba umesahau kuniuliza baba anafanya kazi wapi.

Kule ninakosafisha, kwenye ile nyumba ya wazee, kuna mzee mmoja aliyecheza raga ujanani. Viatu vyake anaviweka kwenye friji. Mkewe huja kila Jumanne, na juzi ameniambia ugonjwa ulianza na maswali. Sikumwuliza zaidi, nikaendelea kupiga deki.

Naomba uendelee kuniandikia. Kwenye simu unanijua, nikisikia sauti yako nalia mpaka kadi inakwisha na hatujasemezana. Na barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, siandikiwi tena na Lyse. Lile darasa la tatu nililoishia kule kwetu Buyenzi limefufuka huku uzeeni.

Mama yako akupendaye,
Concilie


Harlan Falls, Marekani
9 Septemba 2007

Shikamoo mama,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, unaandika vizuri kuliko mimi. Msalimie baba, Lyse na huyo fundi wa kuchora makabati.

Habari kubwa ni hii: nimo. Walitukata kata mpaka wakabaki watu hamsini na watatu, na mimi ni mmoja wao. Miaka miwili nimekuwa mtu wa mazoezini tu, wa kugongwa ili wenzangu wajifunze kugonga. Sasa ninaingia uwanjani kwa haki yangu. Kocha wetu ameniambia nikimaliza msimu huu nikiwa mzima nitapata mkataba wa miaka mitatu. Mama, nikiupata huo ninakuja Sydney. Nitagonga mlango wenu, baba atafikiri ni polisi.

Usihesabu tena. Ndani ya kofia kuna mito, na kazi yenyewe si kichwa, ni mikono na makalio. Ni kama kumsukuma ng'ombe asiyetaka kuingia zizini, ila ng'ombe huyu ana kilo mia na hamsini na anakutukania mama. Mimi sijibu. Ninamwangusha tu.

Na madaktari wapo, wanatupima mpaka meno. Mwezi uliopita walituuliza kama tuliwahi kuzimia au kupata degedege utotoni. Nikaandika hapana, kama mama mdogo Miriam anavyoandika kwenye fomu zangu tangu nikiwa shuleni. Nikawaambia niliwahi kuugua malaria vibaya, siku mbili bila kujitambua. Wakaandika malaria, wakapita. Hawaijui.

Mwambie huyo mke wa mzee wa raga asikutie hofu.

Mwanao,
Fiacre

Nilisahau: baba siku hizi anafanya kazi wapi?


Fairfield
30 Septemba 2007

Kwa mdogo wangu Miriam,

Salamu kwako na kwa watoto wote watano. Sisi tu wazima. Usimsomee mtu barua hii.

Miriam, umeandika hapana. Fiacre ameniambia, tena bila kujua anachoniambia. Daktari ameuliza kama aliwahi kuzimia, na mtoto anajibu alivyofundishwa.

Mimi na wewe tunajua ile haikuwa malaria. Ulikuwepo. Lori lilikuwa limejaa watu na magunia, Novemba ile ya tisini na tatu, tunakimbilia mpakani. Mimi nilikuwa na Lyse mgongoni, Fiacre nilimkalisha ukingoni juu ya gunia kwa sababu alikuwa na miaka kumi na alijiona mkubwa. Lori lilipokata kona hakuwepo. Wewe ndiye uliyepiga kelele, mimi hata sikuona. Damu ilimtoka sikioni. Siku mbili hakuamka, na miaka miwili baada ya hapo degedege zilikuwa zikimwangusha, unamshika miguu, mimi namshika kichwa.

Nakumbuka pia tulivyosema kambini Kibondo. Faili lako la kwenda Marekani liliitwa, langu lilikuwa limekwama, na vijana wa umri wake walikuwa wanavushwa mpaka kwenda kupewa bunduki. Tukamtoa kwenye kadi yangu ya chakula, tukamwingiza kwenye yako, akawa mtoto wako. Na kwa kuwa mwenye degedege angezuia safari yenu wote, tukamwambia hata yeye mwenyewe kwamba ilikuwa malaria. Alikuwa na kumi na sita, akaamini. Mpaka leo anaamini.

Sijuti kumpeleka. Ningembakiza angekuwa ameshakufa. Lakini hapo hatukujua kwamba huko atakwenda kupata riziki kwa kugongwa.

Nimemweleza Zilpah yote, samahani, sikuweza kubeba peke yangu. Alisimamisha gari kando ya barabara. Akasema, "Mama Lyse, huyo kijana anacheza na kichwa kilichokwisha kupasuka mara moja. Mwambie leo." Nami ninakuomba wewe kwanza, kwa kuwa kwenye karatasi wewe ndiye mama. Tumwambie pamoja. Nijibu.

Dada yako,
Concilie


Marekani
21 Oktoba 2007

Dada Concilie,

Nimeisoma barua yako nikiwa kwenye basi, nikaichana. Vitu kama hivyo haviandikwi.

Wewe huko Australia umeshapewa uraia. Mimi hapa bado nahojiwa. Kila fomu niliyojaza tangu siku ya kwanza inasema Fiacre ni mwanangu wa kumzaa na hajawahi kuugua. Wakijua nilidanganya, wataanza na yeye na watamaliza na mimi. Watoto wangu watano nirudi nao wapi? Kibondo?

Na kuna kingine, nisamehe nikisema. Ulinipa mtoto wa miaka kumi na sita asiyelala, anayejificha mlango ukigongwa. Nani alimpeleka shule? Nani alikwenda kwenye mechi zake kwenye theluji, nikiwa sijui hata wanafukuzia nini? Amekuwa mtu, watu wanamshangilia, halafu unataka kumvunja kwa kipande cha karatasi kutoka huko kwenu.

Sitakuficha, wiki mbili zilizopita alianguka. Alisimama mwenyewe. Nilipomfuata baada ya mechi alikuwa ameketi, taulo kichwani, akaniita Mama Concilie. Nikamwambia mimi ni Miriam, akacheka, akasema alikuwa ananitania. Akaniomba nisimwambie mtu. Jumapili iliyofuata akacheza tena na akafanya vizuri.

Zimebaki mechi kumi. Msimu unakwisha tarehe thelathini Desemba. Tungoje hapo. Atasaini mkataba wake, atapumzika miezi sita, nawe utamwambia polepole. Nakuomba kwa jina la mama yetu, mpaka hiyo Desemba usimwandikie neno.

Miriam


Fairfield
8 Novemba 2007

Mwanangu Fiacre,

Salamu za wote, baba yako, Lyse, Kelly na Zilpah. Joto limeanza huku. Kelly ameng'oka jino, amelitunza kwenye kikombe. Baba yako amepanda mahindi nyuma ya nyumba na anayetupangisha hajalalamika. Kwaya imeniteua kushika funguo za kabati la majoho.

Baba yako yuko kwenye kiwanda cha magodoro, Auburn.

Nimekaa na barua hii tangu Jumatatu. Nilikuwa nimeandika kurasa nne nikazitoa, hii imebaki. Usijali, ni mambo ya nyumbani tu, yatakuja kwa wakati wake.

Wanapokugonga kichwani, toka ukae. Mwambie kocha mama yako amekataza. Wenzako wakicheka, waache wacheke.

Unajikinga na baridi? Vaa soksi mbili.

Mama yako,
Concilie


Harlan Falls
9 Desemba 2007

Mama,

Ninaandika nikiwa nimefunga mapazia, mwanga unaniuma. Usimwambie mama mdogo.

Nimeanguka mara ya pili. Nataka nikuambie ukweli kwa sababu uko mbali na huwezi kunizuia. Wana kipimo hapa, wanakutajia maneno kisha unayarudia. Wanakipima mwanzo wa msimu ukiwa mzima, ili ukigongwa walinganishe. Wakongwe walinifundisha: kile cha mwanzo kifanye vibaya kwa makusudi. Basi nikagongwa nikapimwa, nikaonekana niko vilevile. Walinipa mkono wakasema rudi kazini. Nami nilikuwa sikumbuki tuko mji gani.

Ninazo mechi tatu tu. Nikitoka sasa mkataba anapewa mwingine, yuko hapa nyuma yangu, anafunga viatu vyake akiniangalia.

Mama, nataka kukuuliza. Nilipokuwa chini safari hii niliona lori. Niko juu, naona matairi, nasikia mtu analia jina langu, kisha jiwe. Nimeliona wazi kuliko ninavyoiona karatasi hii. Niliwahi kuanguka kwenye lori? Ile malaria, niliipata wapi? Nilimwuliza mama mdogo akaanza kuosha vyombo.

Kama nimewahi kuanguka, niambie. Nitamwambia daktari, nitatoka. Kama ni ndoto tu, nitamalizia. Jibu kabla ya tarehe thelathini.

Baba amepata kazi?

Fiacre


Fairfield
28 Desemba 2007

Mwanangu,

Barua yako imefika leo. Imekaa njiani na makadi ya Krismasi ya watu. Nimeisoma nimesimama penye sanduku la posta, nikamwita baba yako nikamsomea, akaketi chini pale pale kwenye majani.

Nimekupigia simu mara sita. Mashine inajibu Kiingereza. Mara ya sita nimeongea na mashine, nimeieleza yote mpaka ikanikatia. Nimempigia Miriam, anasema timu imesafiri na simu yako imezimwa, kisha akasema atakwenda uwanjani kukutafuta. Kama hakufika, basi barua hii itafika imechelewa, lakini naiandika hivyo hivyo, kwa sababu umeniuliza.

Ndiyo. Ulianguka.

Haikuwa ndoto na haikuwa malaria. Tulikuwa tunakimbia kwenda Tanzania. Nilikukalisha ukingoni mwa lori mimi mwenyewe. Ulitaka kukaa kama wanaume wanavyokaa, miguu nje, nikakuacha kwa kuwa nilikuwa na Lyse mgongoni na nilichoka kukukatalia. Lori likakata kona. Aliyelia jina lako ni Miriam. Shofa hakutaka kusimama, alisema nyuma kuna watu wenye mapanga. Mama yako mdogo akaruka lori likienda, akavunjika kidole, akakubeba mgongoni akilikimbilia lori mpaka mwanamume mmoja alipomvuta mkono. Hilo hajawahi kukuambia, nami naomba ulijue kabla hujamkasirikia.

Ulilala siku mbili. Nilikutia maji mdomoni kwa kitambaa. Ulipoamka uliniuliza mimi ni nani. Baadaye degedege zikaja, miaka miwili, halafu zikaacha, nasi tukasema Mungu amefuta.

Watu wa safari walipokuja kambini na daktari wao, tuliogopa. Mtoto wa jirani yetu alikuwa na kifafa, faili lao lilisimama miaka minne. Kila mama pale kambini alijua kujibu: hapana, hapana, mzima, hajawahi. Nilikufundisha ukaseme malaria. Nilikupiga kofi ulipokosea. Unakumbuka hilo kofi? Mimi nalikumbuka.

Na Novemba niliijua hatari. Zilpah alikuwa ameniambia. Nilikuandikia habari za jino la Kelly. Miriam aliniomba ningoje, lakini mkono ulikuwa wangu. Niliogopa kwamba utanichukia, na nilitaka kukuona ukigonga mlango wangu na huo mkataba. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine iliyo nzuri zaidi.

Toka uwanjani. Usimalizie. Mpe daktari barua hii, atafute mtu wa kumsomea, mwambie mama yako ndiye aliyedanganya, si wewe. Wakikufukuza, njoo hapa, utalala na Kelly, kitanda tutakitafuta.

Nimeandika nambari ya simu ya Zilpah nyuma ya bahasha. Yeye anajua kusema na madaktari.

Mama yako,
Concilie


Marekani
14 Januari 2008

Dada yangu,

Ni mzima wa kupumua. Naanza na hilo kwa sababu najua huvuki mstari wa kwanza.

Tarehe thelathini nilisafiri kwa basi mwendo wa saa saba mpaka mji walikokuwa wanacheza. Nilifika mlangoni, sina tiketi, nikamwambia mlinzi nina ujumbe kwa namba tisini na tatu, mimi ni mama yake. Akaniambia kila mtu hapa ni mama wa mtu. Nikaona mechi kwenye televisheni ya mgahawa ng'ambo ya barabara, nikiwa nimesimama.

Haikuwa pigo kubwa, Concilie. Hata waliokuwa wanakula hawakuinua macho. Aligongwa bega kidogo, akarudi kwenye mstari, akainama, akaweka mkono chini. Wenzake wakaondoka, yeye akabaki ameinama. Kisha akaanguka ubavu na miguu ikaanza ile. Ile tunayoijua. Nikalia jina lake pale mgahawani.

Walimpasua fuvu usiku ule kutoa damu iliyojaa. Kabla hawajaanza, daktari mwanamke alinijia na karatasi, akauliza aliwahi kuumia kichwa? Degedege? Nikasema ndiyo. Nikasema yote, lori, jiwe, miaka miwili. Nilingoja aniitie polisi. Aliandika, akasema asante, angetaka kuyajua haya mapema, akaondoka. Mpaka leo hakuna mtu aliyeniuliza habari za karatasi zangu. Hakuna hata mmoja. Miaka minane nimeogopa kitu ambacho hakikuwa mlangoni.

Simu yake nilipewa ndani ya mfuko pamoja na viatu. Ujumbe wako haukuwa umesikilizwa.

Barua yako ilifika tarehe nane. Nilimsomea yote, na pale kwenye kofi na kwenye kidole changu pia. Alikuwa ananiangalia, sijui anasikia kiasi gani. Upande wa kulia hausogei. Anasema maneno machache, na kila nesi anayeingia anamwita mama.

Mkataba umekwenda kwa yule mwingine.

Dada, unataka kuja, najua, na hapo ndipo palipobaki ubaya. Hospitali inaandika barua ya kumwombea mama viza, lakini mama ni mimi. Wewe kwenye karatasi ni dada wa mama. Nimewauliza mara mbili, wanasema mama mkubwa angoje.

Unaweza kunitukana. Nitakuwa hapa.

Miriam


Fairfield
20 Aprili 2008

Miriam mdogo wangu, asante kwa kumsomea. Soma polepole, na ukifika kwenye jina la mtu mwonyeshe picha nilizoweka ndani.

Mwanangu Fiacre,

Huyu mwenye kofia ni Niyonzima, ni baba yako, anakusalimu. Huyu msichana mrefu ni Lyse, ni dada yako, anakusalimu, na safari hii ameandika salamu zake mwenyewe kwa Kiswahili nyuma ya picha, usimcheke. Huyu asiye na jino ni Kelly, ni mdogo wako. Huyu mwenye sare ya kazi ni Zilpah, jirani yetu. Hamjawahi kuonana. Huyo anayekusomea ni Miriam, mama yako mdogo. Na huyu wa mwisho, aliyefunga kitambaa cha kijani, ni mimi. Tazama sana hapo.

Nimeambiwa umesimama ukishikwa na watu wawili, ukahesabu mpaka sita. Nimelia, kisha nikawapikia watu wote wa kwaya.

Sasa nikuambie nilikokwenda. Tulikwenda mjini na Zilpah, kwenye ofisi ya viza ya Marekani, awe mdomo wangu. Kijana mmoja akafungua faili, akasema wewe ni mama mkubwa wa mgonjwa. Zilpah akataka kunizungumzia, nikamshika mkono. Nikasema kwa Kiingereza changu hiki hiki, "Andika nilidanganya. Mimi nimemzaa." Kijana akaacha kuandika. Akauliza kama naelewa kwamba neno hilo litaingia kwenye faili la dada yangu pia. Nikamwambia dada yangu anajua. Ni kweli, Miriam alishanipa ruhusa kwenye simu, akasema sema tu, nimechoka.

Saa mbili nzima niliwaeleza. Kadi ya chakula, mahojiano, degedege. Wameandika yote, nimetia sahihi kila ukurasa kwa mkono wangu. Hawajanikubalia na hawajanikatalia. Wamesema maneno yangu hayatoshi kwa kuwa nimeshasema maneno mengine kabla yake, na wana haki. Basi wanataka kupima damu waone kama kweli nimekuzaa, ila si damu, ni mate. Wamenipeleka kwa daktari, akapitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu langu, akakitia kwenye mfuko, wakaufunga. Changu kimeshapita.

Kimebaki chako. Mwezi ujao atakuja mtu hapo ulipo na kijiti kama hicho. Zilpah anasema wagonjwa wa namna yako huogopa kitu kikija karibu na mdomo, huuma, na wewe umeshamwuma nesi. Usimwume huyu. Si dawa na hakiumi. Akija, Miriam atakaa upande wako wa kushoto unakosikia vizuri, atasema jina langu. Ukilisikia, fungua mdomo mwanangu, ukae hivyo hivyo mpaka amalize.

Miriam, siku hiyo hiyo nipigie au niandikie, usingoje kesho yake. Niambie kama amefungua.

Mama yake,
Concilie